Mafuta Yaliyobaki Kwenye Makapi

Nyie mnaobaki mtamboni, someni haya kabla hamjawasha moto. Moto ukishawaka hakuna kusoma. Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu. Tangu nistaafu na kurudi kukaa nyumbani, kila anayepita kunisalimia ananiuliza jambo moja: Bibi Skola, kwa nini kila pipa likishapikwa tunachukua makapi, yale majani yaliyokwishatoa mafuta, tunayachemsha tena kwenye chungu kidogo? Wengine wanauliza kwa kutaka kujua. Wengine wanauliza kwa sababu hawataki kuchemsha, nawaona machoni.

Nitawajibu, ila nitaanzia mwanzo. Habari za vyeo siziandiki, cheo hakikamui mafuta. Mshahara nao mnaujua, ni huo huo mnaolalamikia.

Kikundi chetu kilipoweka mtambo hapa Mbuji, mimi nilichukuliwa kuchochea moto. Siku ya kwanza nilimkuta Bonifasi, ambaye ndiye alikuwa mpangaji wa majani ndani ya pipa, amekaa juu ya gogo anachonga kijiti cha meno. Hakunisalimia. Akaniuliza:

"Umewahi kupika gongo?"

"Mimi ni mama wa kanisani."

"Sijakuuliza kanisa, nimekuuliza gongo."

"Nimeona ikipikwa."

"Basi kazi unaijua nusu. Kaa hapo."

Na kweli nilikuwa naijua nusu. Pipa letu ni la chuma, refu kunipita. Chini maji, juu ya maji wavu wa chuma, juu ya wavu majani ya mchaichai. Maji yakichemka mvuke unapanda katikati ya majani na kubeba mafuta, unaingia kwenye bomba, na bomba linapita ndani ya mfereji wa maji ya kijito. Mvuke ukipoa unarudi kuwa maji, unadondoka kwenye chombo, na mafuta yanaelea juu yake, ya njano, yananukia mpaka unasikia njaa ya chai. Mfuniko tulikuwa tunauziba kwa ugali mgumu wa muhogo, tunausukumiza na kidole gumba kuzunguka ukingo wote. Vijana wawili walituletea mipira ya kuzibia kutoka mjini, ikayeyuka. Tukarudi kwenye ugali. Ukiona ugali unapasuka, usiongeze kuni, ongeza ugali.

Moto wenyewe hautaki hasira. Ukiuchochea kama unapikia msiba, maji yanaruka mpaka kwenye bomba na mafuta yanatoka meusi. Ukiuacha ulale, mvuke unafika katikati ya majani na kurudi chini. Mimi nilijifunza kusikiliza. Pipa lililo sawa linanguruma kwa chini, kama mtu aliyeshiba.

Mwaka ule wa mwanzo askari wawili walikuja na bodaboda. Mtu alikuwa amewaambia kuna wanawake wanachemsha bangi mlimani. Mmoja aliinamisha kichwa ndani ya pipa lililofunguliwa muda ule ule, akatoka anatiririka machozi na kamasi, akasema mafua yake yamepona. Waliondoka na fungu la mchaichai kila mmoja. Nikabaki najiuliza, ingekuwa bangi wangeondoka na nini.

Sasa nisikilizeni kuhusu Bwana Hamisi. Huyu alikuwa mtu wa Tanga aliyeletwa wilayani na serikali, Mwislamu, mwembamba, mwenye kuvaa koti hata wakati wa jua kwa sababu baridi yetu ilimtesa. Alipofika mara ya kwanza aliniamkia shikamoo, nikaitika marahaba, halafu akauliza:

"Mama, leo mmepata mafuta mengi?"

"Mengi."

"Mengi kuliko nini?"

"Kuliko jana."

"Na jana yalikuwa mengi kuliko nini?"

Nikamwambia kama amekuja kunichosha, moto unamsubiri, achukue fimbo achochee. Akacheka, akachukua fimbo, akachochea vibaya. Lakini alikuwa na subira. Akanieleza hivi: "Mama, ukifua shuka ukaikamua, huwezi kujua umeikamua vizuri kwa kuangalia maji yaliyomwagika chini. Inabidi uishike shuka." Hapo nikamwelewa. Mafuta yaliyotoka ni maji yaliyomwagika. Makapi ndiyo shuka.

Yeye ndiye aliyetuletea mizani nzuri, mrija wa kioo wenye mistari, na kile chungu kidogo chenye bomba lake. Alinifundisha kupima unyevu kwanza: chukua konzi ya majani, pima, kausha, pima tena, kausha tena, mpaka mizani ikatae kushuka. Maji siyo jani, usiyahesabu kama jani. Kisha pika pipa, soma mafuta kwenye mrija, jicho likiwa usawa wa mstari, siyo kwa juu kama unachungulia kisima. Kisha chukua makapi kidogo, yachemshe kwenye chungu kidogo mpaka tone likianguka lisiache ngozi ya mafuta juu ya maji. Yaliyotoka mara ya kwanza ukijumlisha na yaliyobaki kwenye makapi yote, unayoyakadiria kwa hayo machache, ndiyo yote yaliyokuwemo. Basi unajua katika yote yaliyokuwemo umetoa kiasi gani. Yeye aliita ufanisi wa ukamuaji. Mimi nikamwambia neno hilo aliache ofisini, aniambie kilichotoka na kilichobaki. Akasema, "Ndiyo hilo hilo, mama." Mwezi wa Ramadhani alisimama na mimi kwenye bomba, amefunga, harufu ya chai ya mchaichai inampiga usoni, na hakuomba ruhusa ya kuondoka. Mtu wa namna hiyo ukimdharau, una matatizo yako mwenyewe.

Alipohamishiwa kazi nyingine pale Mbinga mjini, chungu kidogo tulikiweka juu ya kabati. Kinakula kuni, walisema. Kinachelewesha. Mizani na mrija vikabaki, kwa hiyo tukaendelea kupima kilichotoka tu.

Ndipo wakaja wanawake wa Lipingo. Kule ziwani kuna joto, mchaichai unaota kama magugu, na wao walitaka kitu cha kuwaingizia zaidi ya muhogo na samaki. Mkubwa wao alikuwa Mama Salome, mjane wa rika langu, mwenye sauti ya kuita mtu akiwa ng'ambo ya mto. Walilima, wakakata, wakatupandishia majani kwa lori, kenta ile ile inayoleta usipa, wale dagaa wa ziwani, huku Mbinga. Kila kikundi kilikuwa kinapikiwa pipa lake, na mafuta yake yanapimwa peke yake.

Majani yao yakawa hayatoi. Pipa la Mbuji na pipa la Lipingo, uzito mmoja, moto mmoja, na mrija wao unaishia chini ya wetu kabisa. Mara ya kwanza tulisema bahati mbaya. Ikaendelea hivyo hivyo, maneno yakaanza. Kule Lipingo nako waume wa wale wanawake wakawa wanawacheka, kwamba mmeacha muhogo kwenda kulima harufu. Baadhi wakaanza kung'oa. Mwisho mwenyekiti wetu akatangaza kwamba Jumapili baada ya misa kikundi kitakaa, na kama hakuna maelezo, watu wa Lipingo watatolewa.

Mama Salome alipopata habari hakutuma mtu. Alikata majani, akapanda nayo juu ya kenta Ijumaa, akalala kwangu, na Jumamosi asubuhi alikuwa mtamboni amejifunga kanga kiunoni. Kabla hajaweka mzigo chini Bonifasi alishaanza.

"Leo umeyamwagia maji au umeyaleta makavu?"

"Maji gani?"

"Ya kuongeza uzito kwenye mizani."

"Mzee Bonifasi, maji tunayo ziwa zima. Ningetaka kukupa maji ningekuletea kwa ndoo."

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Akanigeukia: "Dada Skola, pima."

Nikapima unyevu mbele ya wote. Majani yake yalikuwa makavu kuliko yetu, maana yanakatwa kule kwenye joto, yanasafiri juani, yanafika yamekakamaa. Yetu yanakatwa asubuhi na ukungu wake. Kwa hiyo habari ya maji ikafa hapo. Lakini mtu akishazoea kulaumu, hukosi kumsikia na lingine. Bonifasi akasema basi mnachanganya na nyasi za porini.

"Chukua, nusa," Salome akamwambia. "Nyasi gani inanukia hivi?"

"Nanusa usipa."

"Huo ni wa kenta. Na ungeletewa usipa wenyewe badala ya majani haya usingeulalamikia."

Mimi nilikuwa nimeshamtumia Bwana Hamisi ujumbe tangu Alhamisi. Alifika na koti lake, shikamoo zake zote akazigawa, akasikiliza kila upande bila kutikisa kichwa. Halafu akauliza swali moja: "Chungu kidogo kiko wapi?"

Kiliteremshwa juu ya kabati na buibui wake.

Akasema tupike nusu ya majani ya Mama Salome kama tunavyopika siku zote, hakuna kubadili chochote. Bonifasi akaingia kwenye pipa akapanga. Nilikuwa nimemwona akipanga miaka yote, na alikuwa na mkono mzuri, mafungu yake yamenyooka, na juu anamalizia na majani yaliyolazwa sawasawa kama mkeka. Nikachochea. Pipa likanguruma vizuri. Mafuta yakatoka yale yale kidogo. Mwenyekiti akamtazama Mama Salome kama mtu ambaye ameshaamua. Mama Salome naye alikuwa ametazama mrija, midomo ameibana.

"Fungueni," Hamisi akasema. "Ila leo hakuna uma. Makapi yatolewe kwa mikono, safu kwa safu, nataka kujua lipi limetoka wapi."

Siku zote makapi tulikuwa tunayavuta kwa uma wa chuma, yanaporomoka, yanakwenda kutandazwa chini ya kahawa zetu. Hakuna aliyewahi kuyaona yalivyokaa. Tulisubiri yapoe, Bonifasi mwenyewe akaondoa ule mkeka wa juu, na sisi tukachungulia.

Kulikuwa na mashimo. Mashimo ya mraba, yamepangana vizuri, kila moja limezungukwa na mafungu manne ya majani yaliyolala yakikatana, na yanashuka hivyo mpaka chini kwenye wavu. Majani ya kwenye kingo za mashimo yalikuwa ya kahawia, laini, yameiva. Nikatia mkono ndani ya fungu lenyewe, katikati yake. Majani yalikuwa ya kijani bado, yananukia bado, yakanikata kidole.

Watu wa Mbuji tulitazamana, halafu mmoja nyuma akasema kwa Kimatengo, lugha yetu ya hapa, halafu akarudia kwa Kiswahili ili Bwana Hamisi asikie: "Boni, umelima ngolo ndani ya pipa!"

Kicheko kilichotoka pale, mwenyekiti mwenyewe alishika ukuta. Mama Salome na Bwana Hamisi hawakuelewa kitu, ikabidi nieleze, na nyie mliotoka mbali nawaeleza pia. Huku kwetu milimani shamba la mteremko tunalima kwa ngolo. Mwanamume anafyeka nyasi, anazilaza kwa mistari inayokatana ili zitoke miraba mingi mteremko mzima. Mwanamke anakuja nyuma, anachimba katikati ya kila mraba na udongo anaumwaga juu ya zile nyasi. Panabaki mashimo, mvua ikija maji yanaingia humo, udongo hauondoki. Kulaza nyasi ni kazi ya wanaume tangu wakiwa watoto. Mpe Mmatengo nyasi na nafasi, mkono wake utazilaza kwa miraba kabla yeye hajafikiri. Bonifasi alikuwa anaingia kwenye pipa na mkono wa shambani.

Majani ya Mbuji yalikuwa mabichi, mazito kwa ukungu. Akishayapanga yanalegea, yanajaza mashimo yenyewe, mvuke unakosa njia ya mkato na kulazimika kupita kwenye jani. Majani ya ziwani yalikuwa makavu na magumu. Yalisimama vile vile alivyoyaweka. Mvuke uliona mashimo, ukapanda humo kama moshi, ukatoka zake.

Hamisi akachukua makapi ya kwenye kingo akayapika kwenye chungu kidogo. Karibu hakuna kitu. Akachukua ya ndani ya mafungu. Tone la kwanza tu likaja na njano yake, na mrija ukaanza kupanda. Mama Salome akausogelea.

"Hayo ya nani?"

"Ya kwako, mama," Hamisi akasema.

"Na yale ya siku zote?"

Mama Salome akageuka akatazama kahawa zetu zilizo chini ya mtambo, zimetandazwa makapi mpaka miguuni. "Kwa hiyo kahawa yenu ndiyo imekuwa inajipaka mafuta yangu."

Bonifasi alikuwa amekaa kwenye gogo. Kucheka kwa watu kulimwuma, niliona. Akasema kwa sauti ya chini, "Nimepanga majani hapa tangu pipa hili likiwa jipya. Hakuna aliyewahi kuniambia." Bwana Hamisi akakaa karibu naye. "Mzee wangu, hata mimi nilikuwa hapa na sikuona. Mimi nilikuwa natazama chungu, sikutazama ndani ya pipa." Hilo lilimsaidia kuinuka. Akachukua panga, akakatakata ile nusu ya pili ya majani ya Salome vipande vifupi, akaingia pipani, akayamwaga ovyo kabisa, akayakanyaga kidogo kidogo kuzunguka ukingo. Kwa mtu nadhifu kama yule ilikuwa adhabu tosha. Kila mara mkono ulitaka kuyanyoosha, anaurudisha.

Tukapika. Mafuta yakapanda kwenye mrija yakaufikia mstari wa majani yetu ya Mbuji, na yakaupita. Makapi yake tulipoyachemsha, tone likaanguka kwenye maji safi bila ngozi yoyote.

Jumapili baada ya misa kikao kikakaa. Mwenyekiti akasimama, akasema tatizo limepatikana, majani yatakatwa vipande, Lipingo wanaendelea, basi yamekwisha, tufunge kwa sala.

"Hayajaisha," Mama Salome akasema.

"Mama, umebaki kwenye kikundi. Unataka nini tena?"

"Nataka mawili. La kwanza, makapi yachemshwe kila pipa, yangu na yenu, mvua au jua, ili siku nyingine mtu asiitwe mwizi kabla hamjatazama chungu. La pili, wanawake wangu wamechekwa Lipingo, siyo hapa. Maneno ya hapa hayatashuka yenyewe mpaka kule. Nani atakwenda kuwaambia?"

La kwanza lilipita, ndiyo maana mnachemsha mpaka leo, na ukipita mbele ya mtambo ukaona chungu kipo juu ya kabati, kiteremshe bila kuuliza mtu. La pili kila mmoja akatazama viatu vyake. Mwenyekiti akasema labda iandikwe barua. Mama Salome akamwambia wasomaji wa barua ni wale wale wanaocheka.

Bonifasi akasema, "Nitashuka mimi." Nami nikasema nitamsindikiza, maana ni mtu wa milimani, joto la ziwani lingemtoa roho.

Tulishuka na kenta ikiwa tupu, imebaki na harufu yake. Wanawake walikusanyika mbele ya nyumba ya Salome, na waume kadhaa walisimama pembeni wamekunja mikono. Bonifasi alivua kofia. Sijawahi kumsikia akisema kwa ufupi vile.

"Majani yenu yalikuwa mazima. Ubaya ulikuwa kwenye mikono yangu. Nimekuja ili mnione."

Mmoja wa wale waume akakohoa, akaondoka polepole. Salome akaanza kueleza habari ya mashimo, wanawake wakaanza kuulizana, wengine kucheka, na mimi nikadhani tumemaliza. Ndipo mama mmoja mrefu, mtoto mgongoni, akasogea mbele mpaka karibu na Bonifasi.

"Na mimi niliyeng'oa?"

Bonifasi akamtazama.

"Nimeng'oa shamba zima. Mume wangu alinicheka, nikang'oa, nikaona aibu. Mimi unaniambia nini?"

Nilitaka kusema kitu, nikaona ni afadhali ninyamaze, kwa sababu lolote ambalo ningesema lingekuwa la kujisafisha tu. Bonifasi akauliza, "Shamba liko wapi?"

Yule mama akageuka, akaenda nyumbani kwake, akaingia ndani. Tukasikia vyombo vinagongana. Salome akaninong'oneza kwamba huyo ana hasira za kweli, tusimfuate, kenta itaondoka. Lakini akatoka. Alikuwa ameshika majembe mawili. Moja akampa Bonifasi, akamwonyesha kwa kidevu mashina ya mchaichai ya Salome, achomoe machipukizi ya kupanda upya shambani kwake. La pili akanipa mimi.

Mimi nilikuwa nimekwenda kusindikiza tu. Nikavua viatu.